Bhagavathi Alisema, "Mpeni"

Ngoma zilinyamaza zote kwa mara moja, na Mjomba Kunhambu akanisukuma mbele kwa kiwiko.

"Nenda," alininong'oneza. "Kunja mikono kifuani. Na usimkodolee macho."

Nisimkodolee macho! Miaka miwili mizima macho yale ndiyo yaliyonifanya nishone vifungo vya mashati ya watu upande usio wake. Kwa siku ishirini na moja sikuwa nimeyaona, na sasa yalikuwa hatua mbili tu kutoka niliposimama, yamezungushiwa wanja mweusi hadi karibu na masikio, na uso wote umepakwa rangi ya chungwa. Kichwani alikuwa na taji refu kuliko mlango wa nyumba yetu. Kifuani alivaa matiti ya mbao yaliyonakshiwa, miguuni njuga, na kiunoni sketi nyekundu yenye marinda mia na ishirini. Marinda hayo nayajua idadi kwa sababu niliyashona mimi, kwa cherehani yangu, usiku na mchana. Mtu aliyekuwa ndani yake ndiye sikujua kama bado yumo.

Maana sisi wa kijiji cha Elanjikkal hatusemi kwamba Pavithran anaigiza. Ukoo wao ndio wenye haki ya kuvaa miungu yetu tangu enzi za mababu. Mvaaji hufunga siku ishirini na moja, hukaa peke yake katika kibanda cha makuti karibu na hekalu, hali samaki, hashiki simu, hasemi na mwanamke. Siku ya sikukuu jamaa zake humpaka rangi, humfunga kamba, humvika taji, kisha humpa kioo. Akishajitazama, basi. Anayeinua macho kutoka kwenye kioo ni Bhagavathi mwenyewe, mungu wetu wa kike. Wazee ambao siku za kawaida humwita Pavithran kwa kidole aje awatengenezee swichi za taa, siku hiyo humwinamia na kumlilia shida zao. Kesho yake humwita tena kwa kidole.

Nilikunja mikono. Bhagavathi alinyoosha yake, akaishika. Viganja vilikuwa vya moto na vimejaa unga wa manjano.

"Mwana wa Vadakkeveedu," alisema. Ile sauti ya kuvuta, nusu wimbo, ambayo si ya mwanamume wala ya mwanamke. Mungu hamwiti mtu kwa jina lake, humwita kwa nyumba yake, hilo nalijua tangu utotoni. Lakini moyo wangu wa kijinga ulikuwa umengoja usikie "Vanaja".

Mjomba alikohoa, akasogea karibu, shuka lake jeupe amelifunga kiunoni kwa adabu.

"Mama Bhagavathi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kule nyuma kwa wauza bangili. "Mwana wa nyumba yetu ameombwa. Walioomba wamekuja na tambuu, kwa heshima zote. Sisi hatuna neno mbele yako. Tumtoe, au tumzuie?"

Mungu wangu, jinsi nilivyokuwa na furaha saa ile! Nacheka sasa nikikumbuka. Wiki nzima nyumbani kulikuwa na vita baridi juu ya huyo Sudhakaran, mwenye kazi ng'ambo, Sharjah, na gari la kukodi, na mjomba alipochoka kubishana nami alisema, "Haya, tutamwuliza Bhagavathi mwenyewe. Akikataa, nimekataa. Akikubali, sitaki kusikia kilio." Nami nikakubali haraka, hata mama akanitazama vibaya. Nilijua mdomo wa Bhagavathi mwaka huu ungekuwa wa nani. Nilijisemea, hata kama mungu amejaa mwili mzima, hakosi kumwachia Pavithran kipembe kidogo cha kunikumbuka.

Bhagavathi alikaa kimya. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya mshipa wa mkono wangu, na kilitetemeka. Mungu hutetemeka? Nilimtazama machoni, nikavunja amri ya mjomba. Macho yalikuwa mekundu, yamejaa maji, na yalinitazama kana kwamba ndiyo yenye shida na mimi ndiye niliyevaa taji.

"Nyumba yenu isiogope," alisema mwishowe. "Aliyeomba ameomba kwa moyo safi. Mpeni."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ngoma zikaanza tena, zumari likalia, na mtu mwingine akaletwa mbele, mimi nikasogezwa pembeni kama mzigo uliokwisha kupimwa. Unga wa manjano ulikuwa umenijaa viganjani.

"Umesikia?" mjomba alisema, uso wote meno. "Umesikia kwa masikio yako, tena mbele ya watu mia tatu. Sitaki kilio."

"Nimesikia, mjomba."

"Nampigia baba yake simu sasa hivi. Waje saa kumi na moja tufunge neno."

Mama alinikumbatia akanilowesha bega kwa machozi. Yeye alikuwa ameshasokota tumbaku miaka thelathini kiwandani ili mimi nipate cherehani, na neno Sharjah kwake lilikuwa na harufu ya pumziko. Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu.

Tulikaa chini kwenye mistari kula chakula cha hekalu. Wali ulimwagwa kwenye jani la mgomba, mchuzi wa boga ukamwagwa juu yake, nami nikautazama mpaka ukatengeneza ziwa. Kichwa changu kilikuwa kimechafuka kabisa. Kama ni Bhagavathi aliyesema, basi Pavithran hana kosa, bado ananipenda, ila mbingu zimenikataa, na nitagombana na mbingu kwa silaha gani? Na kama ni Pavithran aliyesema, basi mbingu hazina neno nami, ila mwanamume niliyemngoja miaka miwili amenishika mikono akanigawa kama sadaka. Nilijaribu kuchagua lipi ni afadhali. Nikilichagua la kwanza, moyo unataka la pili. Nikilishika la pili, nataka kulitapika.

"Huli, mwanangu?" aliniuliza Bibi Chirutha, aliyekaa mkono wangu wa kushoto. Mwanawe wa pekee alikwenda Mangalore kutafuta kazi miaka minne iliyopita, hajaonekana wala kusikika. "Furaha imekushibisha, siyo? Hata mimi. Bhagavathi ameniambia atarudi kabla ya mvua. Alinishika hapa, ona. Kabla ya mvua, akasema."

Alinionyesha kifundo cha mkono wake mkavu wenye manjano. Nikamwambia nimefurahi. Kisha nikainuka, nikaliacha jani langu na ziwa lake.

* * *

Kibanda cha kuvalia kiko nyuma ya hekalu, chini ya mikorosho. Wanawake hawakanyagi pale. Nilikanyaga.

Mzee Kannan, baba yake Pavithran, alikuwa amekaa mlangoni na goti lake bovu amelinyoosha mbele. Goti hilo ndilo lililomvua taji miaka mitatu iliyopita na kumvika mwanawe.

"Binti, huku haji mwanamke."

"Nimekuja kuangalia marinda, mzee. Nimeona yamechanika upande mmoja."

Hayakuwa yamechanika. Mshono wangu hauchaniki. Mzee akaisogeza miguu, nikapita.

Pavithran alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo wazi, mabega yamechorwa mistari myekundu na kamba. Mbele yake kulikuwa na bakuli la mafuta ya nazi na dafu lililonywewa nusu. Alikuwa ameshaondoa rangi upande mmoja wa uso. Upande wa kulia alikuwa Pavithran, fundi umeme wa Elanjikkal. Upande wa kushoto bado alikuwa Bhagavathi. Sikujua niseme na upande upi.

Aliponiona alitabasamu. Tabasamu lenyewe lilivuka pande zote mbili.

"Vanaja!"

"Unacheka?"

"Siku kama ya leo nisipocheka, nicheke lini?"

"Umenigawa mbele ya watu mia tatu, halafu unacheka."

"Nilidhani nitaanguka," alisema, wala hakunisikia. "Haki ya Bhagavathi, miguu haikuwa yangu. Mjomba wako anasemaje? Amefurahi?"

Nilimtazama mdomo wazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa udhuru, hata kwa mtu aliyenyamaza. Kwa kicheko sikuwa nimejiandaa.

"Amefurahi sana," nilisema. "Amefurahi mpaka amekula wali mara mbili. Amewaita watu nyumbani saa kumi na moja."

Pavithran akageuka mlangoni. "Baba! Umesikia? Saa kumi na moja! Mbona hawakututumia mtu? Na hii rangi itanitoka lini?"

"Wewe itoke uende wapi?" nilimwuliza.

"Kwenu."

"Kwetu kufanya nini? Kushuhudia?"

"Vanaja, acha utani. Nimechoka."

"Mimi ndiye ninayetania? Haya, njoo. Sudhakaran akishakaa na wajomba zake upande ule, na sisi upande huu, wewe tutakuweka wapi? Karibu na swichi?"

Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo, halina kazi, kisha likaondoka.

"Sudhakaran ni nani?"

Nikacheka mimi sasa, kicheko kibaya. "Ndiye uliyesema apewe! Aliyeomba kwa moyo safi. Wa Sharjah."

"Aliyeomba ni mimi," alisema Pavithran.

Nje, kwenye mikorosho, kunguru walikuwa wakigombea majani yaliyotupwa. Niliwasikia vizuri sana. Yeye sikumsikia, ikabidi arudie.

"Ni mimi niliyeomba. Kabla sijaingia kufunga. Nilitaka nikitoka tu, uambiwe na mjomba wako mwenyewe, ushangae. Baba ndiye aliyekwenda."

"Nilikwenda," alisema Mzee Kannan kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Na tambuu yangu na nazi yangu. Nilikaa ngazini. Mjomba wako akanipa chai, akaniuliza habari za goti. Akasema, jambo hili si la kuamua sisi, tutamwuliza Bhagavathi siku ya sikukuu. Nikaona ni maneno ya mtu mkubwa. Nikarudi nikamwambia kijana afunge kwa moyo mmoja."

Nikaketi chini, hapohapo kwenye mchanga, na sari yangu ya sikukuu.

"Aliniambia hivyohivyo na mimi," nilisema. "Lakini kwa habari ya Sudhakaran. Na leo hakutaja mtu. Alisema tu, ameombwa."

"Alisema ameombwa," Pavithran alirudia. Alikuwa ameweka mkono kwenye ule upande wa rangi, na rangi ikamganda vidoleni. "Nami nikasikia ni mimi. Nilijua ni mimi. Ndiyo maana nilikaa kimya. Niliogopa, Vanaja. Nilijiambia, nyamaza, usiseme wewe, mwache aseme mwenyewe."

"Kisha?"

"Kisha sauti ikasema mpeni."

"Ya nani?"

Aliinamia bakuli la mafuta.

"Pavithran, nakuuliza. Ni yeye au ni wewe?"

"Siku zote najua," alisema polepole. "Sikumbuki maneno, lakini najua. Ni kama kukaa nyuma ya pazia, unasikia watu wanaongea sebuleni, wewe hushughuliki. Leo nilikuwa nyuma ya pazia na mkono wako nikaushika. Vyote viwili. Sijui, Vanaja. Ukiniua sijui."

Kama angesema "ni mimi" ningempiga kofi na kumpenda. Kama angesema "ni yeye" ningelia nikaenda zangu. Hili la kutojua sikuwa na mahali pa kuliweka. Nilitaka kumshika uso nikasita, maana sikujua hata huo uso ninaruhusiwa kuugusa upande gani.

Ghafla akachota mafuta, akaanza kujisugua upande wa kushoto kwa nguvu, kama mwenye haraka ya basi.

"Nitakwenda kwenu. Nitawaambia wote neno lile lilikuwa langu. Mimi, Pavithran mwana wa Kannan, nilisema kwa tamaa yangu. Halifungi mtu."

"Mwanangu," alisema Mzee Kannan.

"Baba, usinizuie."

"Sikuzuii. Nakukumbusha tu. Ukisema hivyo, taji lile huligusi tena. Wala mtoto wako, kama utampata. Mimi mwenyewe nitasikitika, lakini mimi ni mzee, nitasikitika kwa muda mfupi."

"Basi nitaunga nyaya za umeme mpaka nife. Kuna kosa gani?"

Hapo tukamsikia Bibi Chirutha akipita njia ya nyuma ya kibanda, anamsimulia mwenzake. Kuta za makuti hazizuii kitu. "Kabla ya mvua," alikuwa akisema. "Alinishika hapa, akasema kabla ya mvua. Nitapaka chokaa chumba chake wiki hii."

Mkono wa Pavithran ulisimama shavuni.

Sote watatu tulielewa kwa pamoja. Akisema neno la saa sita lilikuwa lake, basi lile la Bibi Chirutha la saa nne na nusu lilikuwa la nani? Na yule mama wa mapacha wagonjwa, na yule mzee mwenye kesi ya shamba, na watu mia tatu waliorudi makwao na manjano viganjani? Kila mmoja atalala akijiuliza aliambiwa na nani. Nilikuwa nimekula adhabu hiyo saa mbili tu na tayari sikuweza kumeza wali.

"Usiseme," nilimwambia.

"Nikinyamaza nakupoteza."

"Nimesema usiseme."

"Basi unataka tufanye nini? Nikae hapa ninywe dafu?"

"Kunywa. Wewe ulivaa taji, mdomo wako umefungwa. Mimi sikuvaa kitu."

Alinitazama. Sasa uso wote ulikuwa wake, umeng'aa mafuta, na nyusi moja bado ina wanja. Alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujanifikia.

"Vanaja," alisema. Jina langu tu. Nililingoja tangu asubuhi na lilipokuja halikunituliza hata kidogo.

* * *

Nyumbani, mama alikuwa jikoni anakaanga ndizi za wageni. Mjomba alikuwa barazani katika kiti chake, sinia la tambuu liko tayari miguuni pake, na nywele zake chache amezipaka mafuta.

"Ulipotelea wapi? Nenda kajipambe. Wamebakiza nusu saa."

"Mjomba, Mzee Kannan alikuja hapa na tambuu?"

Alianza kuyapanga majani ya tambuu, ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Alikuja. Chai alipewa."

"Ngazini."

"Ngazi alichagua mwenyewe. Viti vilikuwapo."

"Ukamwambia utamwuliza Bhagavathi."

"Nilimwambia."

"Mbona leo hukumtaja?"

"Mbele ya mungu hatutaji majina."

"Mjomba! Mwaka jana ulipouliza habari za ng'ombe ulimtaja muuzaji, ukamtaja baba yake, ukataja mpaka rangi ya ng'ombe. Watu walicheka."

"Ng'ombe ni ng'ombe." Alijikuna shingo. "Na Bhagavathi anajua kila kitu. Majina ya nini?"

"Kama anajua kila kitu, ulimficha Sudhakaran asionwe na nani?"

Hapo akaacha kupanga majani. Kule jikoni mafuta yalikuwa yakichemka, lakini kijiko cha mama kilikuwa kimenyamaza.

"Jibu, mjomba. Ulikuwa unamficha Bhagavathi, au ulikuwa unamficha Pavithran?"

"Punguza sauti."

"Ulijua akilisikia jina la Sudhakaran, mdomo ule ungekataa. Kwa hiyo hata wewe hukuamini kwamba ni mungu anayesikiliza."

"Naamini!" Aliinuka nusu ya kiti. "Miaka sitini na minne naamini! Nimembeba Bhagavathi moyoni kabla wewe hujajua kufunga kamba ya sketi!" Kisha akajikalisha tena, na sauti ikamwishia. "Nilimwona yule kijana mwaka jana, wewe ulipopita kupokea manjano. Mkono wake ulichelewa kukuachia. Miaka yote naamini, Vanaja. Leo tu niliogopa."

Sikuwa nimetegemea hilo. Nilikuwa nimekuja na ugomvi kamili, nimeupanga njia nzima kutoka hekaluni, na sasa mbele yangu palikuwa na mzee mwenye mafuta kichwani ambaye amechanganyikiwa kama mimi. Nikakaa kwenye ngazi.

"Hata mimi naogopa," nilimwambia. "Sijui nani aliyesema. Na Pavithran mwenyewe hajui."

"Ulikwenda kibandani?"

"Nilikwenda."

"Laana gani hii," alisema, lakini bila hasira. Akaupangusa uso wote kwa ncha ya shuka. "Sikiliza. Tuseme nimekosa. Nimekosa. Lakini neno limeshatoka, watu wamesikia. Ukitoka hapa ukasema Bhagavathi alikosea, utaishi wapi? Nani atakuletea nguo ushone? Na yule kijana watamfanya nini?"

"Sisemi alikosea. Mtu yeyote akiniuliza, nitamwambia Bhagavathi alisema, nami nilisikia."

"Basi utaolewa na Sudhakaran."

"Siolewi na Sudhakaran."

"Umekataa neno la Bhagavathi?"

"Nimemkataa Sudhakaran. Kama Bhagavathi ana hasira, nyumba yetu anaijua, aje anichukue."

Mama alikuwa ametoka mlangoni, mikono ina unga. Nilifikiri atalia tena. Alinitazama, akamtazama kaka yake, akasema, "Ndizi zinaungua," kisha hakwenda kuzitazama.

"Watasema binti wa Vadakkeveedu amempinga mungu," mjomba alisema. "Hawatasema mimi nilificha jina. Hawatasema kijana alitetemeka. Watakusema wewe. Miaka na miaka. Unaelewa?"

"Naelewa."

Nilielewa, tena vizuri kuliko nilivyoelewa kitu chochote siku hiyo. Mengine yote hayakuwa wazi. Sikujua kama nampinga Bhagavathi au natimiza alichokusudia. Sikujua kama mjomba atamruhusu Mzee Kannan apande zile ngazi mwezi ujao, au mwaka ujao, au kamwe. Sikujua hata kama Pavithran ataweza tena kunishika mkono bila kujiuliza ni nani anayeushika. Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma, na bado sikujua nampenda nani.

Honi ikalia mbele ya lango.

Gari jeupe lilisimama chini ya mnazi. Milango minne ikafunguka yote pamoja, wajomba wakaanza kushuka, wamebeba maboksi ya halua. Mjomba Kunhambu alinyanyuka, akashika mkono wa kiti. Tangu baba afe, mtu huyu ndiye aliyeamua nisome wapi, nishone nini, nikate nywele au nisikate. Aligeuka akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea njia.

"Niwaambie nini?" aliniuliza.

"Usiwaambie kitu, mjomba. Kaa."

Nikashuka ngazi peke yangu. Sudhakaran alikuwa ametangulia, kijana mzuri, sina la kumsingizia, ana shati jipya na haya usoni. Alifika kwenye kizingiti cha ua, akanitabasamia, akainama kufungua kamba za viatu.

"Karibu, Kaka Sudhakaran," nilimwambia. "Lakini viatu usivue kwanza."